Shemeji na Kisanduku cha Kijivu

Bendi nzima walimwita Shemeji, kwa sababu mume wake ni mdogo wa mpiga drams wao wa kwanza, na jina lilimganda hata baada ya mpiga drams mwenyewe kustaafu na kwenda kufuga kuku. Siku za kazi alikuwa dobi wa hospitali. Chumba cha kufulia kilikuwa na mashine nne kubwa, na yeye ndiye msimamizi wa zamu ya asubuhi: mashuka, mapazia, makoti ya madaktari. Na alikuwa na sikio, usifanye mchezo. Akiwa amezipa mashine kisogo, anakunja mashuka yake, atakuambia namba tatu beringi imeanza kulalamika, na fundi akija kufungua anakuta ni kweli.

Jumapili alasiri alikuwa mpiga gitaa la rithimu kwenye ukumbi wa hoteli. Miaka ishirini na miwili, si mchezo. Kwa asiyejua mambo ya bendi, mpiga solo ndiye anayetoa zile noti za juu ambazo watu wanatoka ukumbini wakizipigia mluzi. Mpiga rithimu yuko chini yake, chaka-chaka, chaka-chaka, anaushika wimbo usianguke. Asipokuwepo kila mtu anahisi kuna kitu kimepungua, na akiwepo hakuna anayemtazama.

Mpiga solo wao alikuwa mwanamume mmoja aliyeitwa Kidole, mkono mwepesi, noti zinamwagika kama mchele kutoka kwenye gunia lililotoboka. Na hapa ndipo penye kichekesho, ambacho mpaka leo sijui nikicheke au ninune. Mume wa Shemeji, mtunza stoo wa shule, alikuja ukumbini kila Jumapili, anakaa meza ya nyuma karibu na mlango na soda yake, na miaka yote hiyo aliamini kwamba zile noti za juu ni za mke wake. Jukwaa liko mbali, magitaa ni mawili, mikono yote inakwenda mbio, atajuaje? Jumapili ya kwanza kabisa alirudi nyumbani akipiga mluzi kipande cha Kidole, akamsifu mke wake kwa kipande hicho mpaka majirani wakasikia. Shemeji aliona haya kumkatiza. Akasema moyoni atamwambia wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa mwezi ujao, mwaka ukapita, na mume anapiga pasi mashati yake huku akipiga mluzi noti za Kidole na kuwaambia wageni, hiyo ni ya mke wangu. Shemeji anatabasamu na kwenda kuangalia jiko hata kama jiko limezimwa.

Basi Kidole akahama. Alipata bendi kubwa zaidi, akawatumia wenzake ujumbe mfupi kwenye simu, hata kwaheri ya ana kwa ana hakutoa. Kiongozi wa bendi, waliyemwita Bosi Tarumbeta kwa sababu ndicho chombo chake, hakuhangaika sana. Alisema ana mpwa wake anayepiga solo na rithimu kwa pamoja, na siku hizi gitaa moja linatosha. Alilisema hilo mbele ya Shemeji kana kwamba anaongea na ukuta. Ukumbi ulikuwa unafungwa Jumapili mbili upakwe rangi. Ukifunguliwa, mpwa ataanza.

Shemeji alijikaza kisabuni. Alimfuata nyuma ya jukwaa akamwomba nafasi ya solo kwanza, kabla ya mpwa. Bosi Tarumbeta alimwangalia kutoka juu hadi chini, akafuta mdomo wa tarumbeta yake, akasema, "Sawa. Siku tukifungua, wimbo wa tatu, mizunguko minne ni yako. Lakini usinipigie Kidole. Kidole namjua." Ikienda vizuri, mpwa atabaki kwao. Isipoenda, Shemeji atundike gitaa ukutani.

Alirudi nyumbani roho juu. Tatizo lilikuwa mikono. Mikono ya dobi ina nguvu, inaweza kushika kamba za gitaa siku nzima isichoke, lakini kasi haina. Alijaribu kukimbiza noti kama Kidole, hakufua dafu. Siku ya tatu, akiwa kazini anasikiliza namba nne ikizungusha maji, wazo likamjia: mkono wa polepole unahitaji noti ndefu. Noti ya gitaa la kawaida ukiigusa inakufa haraka, ndiyo maana Kidole alizipanga nyingi, moja ikifa nyingine imeshafika. Noti isiyokufa haihitaji mbio. Na kitu kinachozuia noti isife alikuwa ameshakisikia kwa wapiga magitaa wengine: pedali ya fazi, kile kisanduku cha chuma unachokikanyaga, sauti ya gitaa inakwaruza, inanguruma, na noti moja inakaa hewani mpaka wewe mwenyewe uichoke.

Fundi wa redio aliyekuwa karibu na hospitali alikuwa nazo tatu. Kubwa nyekundu yenye vitufe vinne, ndogo ya bluu iliyotoka kiwandani juzi juzi, na ya kijivu, kuukuu, rangi imebanduka, kifuniko cha chini kimeshikwa na skrubu moja. Fundi alimpa gitaa akamwambia ajaribu mwenyewe. Ile nyekundu ilipoguswa, wapita njia walisimama mlangoni. Kila mtu akamshauri achukue hiyo. Mmoja aliyekuja kuchaji simu tu ndiye aliyeshauri kwa sauti kubwa kuliko wote.

Shemeji hakuwa na haraka. Alifanya kitu ambacho fundi alikiri baadaye kwamba wateja wengi hawakifanyi: hakuzijaribu kwa kelele, alizijaribu kwa upole. Alikanyaga nyekundu, halafu kwa kidole kidogo akazungusha nyuma kitufe cha sauti kilichoko kwenye gitaa lenyewe. Sauti ikasinyaa, ikabaki mkwaruzo mwembamba usio na mwili. Akafanya hivyo kwa ya bluu. Hiyo ilijitia hamnazo. Punguza, ongeza, inazomea vilevile. Ya kijivu alipoipunguza, mikwaruzo ilijiondokea yenyewe na gitaa likabaki safi, sauti yake ya kila Jumapili. Alipoongeza kidogo ikapata ukakasi. Akaongeza tena, ikawa kama mtu anayepandisha hasira taratibu huku bado anachagua maneno. Akarudia mara tano. Wale wa mlangoni wakatawanyika, maana hapakuwa tena na cha kushangaza.

"Hii," akasema.

Fundi alimpa masharti. Waya wa gitaa uingie kwenye hiyo kwanza kabla ya kitu kingine chochote, la sivyo itasusa. Isianikwe juani, maana transista zake ni za zamani na joto zinalichukia. Asipige kamba zote sita kwa pamoja, itakuwa uji mtupu. La mwisho alilirudia mara mbili: betri iliyomo ni ya volti tisa, lakini imechoka, imebaki kama nusu, na uchovu huo ndio unaoipa sauti ulaini. Betri mpya itaifanya ipige kelele kama mtu aliyekanyagwa. Asibadilishe mpaka izime yenyewe.

Wiki iliyofuata alifanya mazoezi sebuleni kila alasiri baada ya zamu. Mara ya kwanza mume wake alikuta mlango wazi, akaingia akauliza kama redio imeharibika. Alipoonyeshwa kisanduku akakizungusha mkononi, akasoma kila upande kana kwamba anakipokea stoo, akasema kitu kikuukuu namna hii kinahitaji matunzo. Kilichomsumbua Shemeji hakikuwa kisanduku. Miaka ishirini na miwili alikuwa amepiga kodi za gitaa, yaani kamba nne, tano, sita kwa mpigo, na ukiteleza kwenye moja nyingine zinakufichia aibu. Fazi haikutaka hayo. Ilitaka kamba moja, noti moja, uiguse na uisimamie mbele ya watu. Aliogopa, tuseme ukweli. Siku mbili alipiga akiwa ameupa mlango mgongo.

Jumapili ikafika. Ukumbi ulinuka rangi, watu walijaa tangu saa tisa, na mpwa wa Bosi Tarumbeta alikuwa amekaa mbele kabisa na gitaa lake ndani ya mfuko. Nyimbo mbili za mwanzo Shemeji alipiga rithimu yake kisanduku kikiwa kimezimwa. Wimbo wa tatu ulipofika mahali pa solo, akakanyaga.

Haikuwa sauti yake. Ilitoka kali, inang'aa, inatema, meno matupu. Akatupa jicho meza ya nyuma, na mume wake akamwinulia dole gumba, uso mzima tabasamu. Hapo hapo akajua. Mume huyu hubadilisha betri ya saa ya ukutani kabla haijafa. Hubadilisha balbu zikianza kufifia. Angewezaje kuacha betri iliyochoka ikae ndani ya kisanduku cha mke wake siku kubwa kama hii? Asubuhi alikuwa ameomba akifute vumbi, na Shemeji, akili yake iko kwenye noti, akamwambia haya.

Mizunguko minne si muda wa kukasirika. Kidole chake kidogo kilishuka chenyewe kwenye kitufe cha sauti, kikarudisha nyuma, nyuma zaidi, mpaka yale meno yakafunikwa. Sasa sauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa na mwili. Zile noti kumi na mbili alizopanga nyumbani hazikufaa tena kwa sauti hii. Akatupa tisa, akabaki na tatu. Akagusa moja, akaiacha ikae. Watu waliokuwa wakicheza walipunguza mwendo, wengine wakasimama kabisa wakatazama jukwaani, naye akajiambia, basi, nimekwisha. Kwa kuwa alishajiona amekwisha, hakuwa na la kuogopa. Akapanda noti ya pili, akafungua kitufe kidogo, ikaanza kukwaruza. Akaenda ya tatu, akakifungua chote, na ile betri mpya ikasema kila ilichokuwa nacho. Noti ikalia, ikalia, ikajaza kona zote zilizopakwa rangi mpya. Mwanamke mmoja katikati ya ukumbi akainua mikono juu, na wachezaji wakarudi mchezoni wakiwa wamechangamka kuliko mwanzo.

Mizunguko minne iliisha. Tarumbeta ilitakiwa kuingia. Bosi Tarumbeta alikuwa ameishika kifuani, haipeleki mdomoni, na kwa mkono mwingine akamzungushia Shemeji kidole hewani: rudia. Akarudia mizunguko minne mingine. Kabla ya wimbo wa tano, yule mpwa alikwenda kumwomba amfundishe kile kidole kidogo kinafanya nini.

Njiani kurudi nyumbani jua lilikuwa bado halijazama. Mume alibeba gitaa, mke kabeba kisanduku. Mume alisema amebadilisha betri, ile ya zamani ilikuwa karibu kufa, bahati nzuri aliiwahi. Shemeji alisema asante. Alikuwa amepanga kumpasha, lakini hasira ilikuwa imeishia kwenye ile noti ya tatu.

Halafu mume akasema, kwa unyonge kidogo, "Umepiga vizuri sana. Ila leo hukupiga zile zako." Akapiga mluzi kipande cha Kidole, chote, bila kukosea hata noti moja.

Shemeji akasimama. "Hizo si zangu," akasema. "Ni za Kidole. Zote ni za Kidole, tangu siku ya kwanza."

Mume akahamishia gitaa mkono wa pili, akaanza tena kutembea. Walifika nyumbani. Mume alivua viatu, akaketi kwenye kiti chake, akawa anaangalia sakafu, na Shemeji alimwonea huruma na kujichukia kwa pamoja. Alitaka kuomba radhi hakujua aanzie wapi, maana utamwombaje mtu radhi kwa miaka ishirini na miwili ya sifa?

"Zako ni zipi basi?" mume akauliza mwishowe.

Akachomeka waya. Akakanyaga kisanduku cha kijivu, akarudisha kitufe nyuma mpaka gitaa likawa safi, akapiga rithimu ya wimbo wa tatu jinsi alivyoipiga miaka yote, chaka-chaka, chaka-chaka, bila solo, bila tarumbeta, bila mtu wa kumfunika. Mume alisikiliza ameinamisha kichwa. Kipande kilipofika katikati, mguu wake wa kulia, uliobaki na soksi tu, ukaanza kugonga sakafu. Aliuangalia kama wa mtu mwingine. Kila Jumapili, kwenye meza ile ya nyuma, mguu huo ulikuwa ukigonga hivyo hivyo, na hakuwahi kujiuliza unafuata nini.

"Kumbe mguu ulikuwa unakusikia," akasema.

Shemeji hakuacha kupiga, maana angeacha angelia. Mume akanyanyuka polepole, akaenda jikoni, akarudi na kopo anamohifadhia betri zilizotumika. Akaitafuta ile ya mraba. Alikuwa ameibandika karatasi yenye tarehe ya leo na neno moja la stoo: imechoka. Akaiweka mezani mbele ya mke wake, akasema irudi kisandukuni, maana wiki nzima sebuleni ililia kwa ulaini na leo ukumbini ilianza kwa kutema, akaketi tena, akamwambia aanze wimbo upya tangu mwanzo.