Koo Halikuwamo Kwenye Picha

Mama yangu alikufa kwa ugonjwa wa koo. Nasema hivi mapema ili anayesoma asisubiri kuona amepona.

Ilikuwa miaka ya sabini, tulipokwisha kuhamia kijijini, upande wa Kitahana. Nilikuwa mwanamke mzima mwenye watoto wawili, na mama alikuwa akikaa kwangu. Shule nilisoma mpaka darasa la nne. Kwa wakati ule darasa la nne lilitosha kunifanya mwalimu wa kisomo cha watu wazima.

Tulisoma alasiri, watu wakitoka shamba na matope miguuni. Tulikuwa na picha moja kubwa ya karatasi: mtu amesimama, amevaa kaptura, mistari imechorwa kutoka mwilini mwake mpaka kwenye maneno. Kichwa. Shingo. Kifua. Tumbo. Goti. Kisigino. Nilikuwa nagusa kwa fimbo, nao wanasema. Nyumbani sote tulisema Kiha, kwa hiyo niliwafundisha kwa kulinganisha: umugongo ni mgongo, umutwe ni kichwa, inda ni tumbo.

"Mwalimu," mama mmoja aliniuliza siku moja, "inda ni tumbo?"

"Ndiyo."

"Basi jirani yangu hapa ana matumbo mengi kichwani."

Kwetu inda ni tumbo, na inda ni chawa vilevile. Tofauti ni sauti tu, ipande au ishuke. Darasa zima lilicheka.

"Angalau yangu yanakaa kichwani," jirani akamjibu. "Yako nimeyaona yakitembea kwenye kitenge."

Mama yangu, naye mwanafunzi wangu, alikaa mbele na hakucheka. Alikuja kujifunza. Neno alilolipenda lilikuwa kisigino, sijui kwa nini. Alikuwa akilisema njiani wakati wa kurudi, peke yake, polepole.

Ugonjwa ulianza kwa kikohozi, kisha kumeza kukawa kazi. Ugali wa mahindi ulimkwaruza. Ugali wa muhogo, kwa kuwa ni laini na unateleza, ulipita, basi nikawa nampikia huo kila siku. Alipoanza kukonda nikampeleka zahanati.

Mganga alikuwa mgeni, mtu wa pwani, mpole, ila Kiha hakujua hata neno moja. Tulikaa kwenye benchi mpaka zamu yetu ikafika. Nyuma yetu, kwenye benchi hilohilo lililokuwa karibu na meza ya mganga, walikaa wanafunzi wangu wawili. Mmoja alikuwa yule mama aliyeuliza juu ya matumbo ya kichwani.

"Mama anasumbuliwa na nini?" mganga akaniuliza.

Mama aliniambia kwa Kiha kwamba umuhogo unamuuma. Hakugusa popote. Mbele ya mwanamume mgeni aliificha mikono ndani ya kitenge na kutazama sakafu.

"Anasema muhogo unamsumbua, daktari."

Neno lilitoka lenyewe.

"Muhogo? Mtamu au mchungu?"

Ningependa kuandika kwamba sikuelewa. Nilielewa palepale. Umuhogo wa kwetu ni njia ya chakula, humu shingoni kwa ndani. Kile ambacho Waswahili wanakiita muhogo, sisi tunakiita imyumbati. Nilikuwa nalijua hilo tangu darasa la kwanza. Lakini neno lenyewe la Kiswahili, koo, halikunijia. Yule mtu wa kaptura alichorwa kwa nje tu, na mstari wa shingo uliishia kwenye ngozi. Ningeweza kusema shingo, kwa ndani. Ningeweza kugusa shingo yangu tu, basi. Lakini mwalimu wa Kiswahili nilikuwa mimi, na wanafunzi wangu walikuwa wakinisikiliza.

"Mchungu," nikasema.

"Anatapika?"

"Kidogo." Hilo lilikuwa kweli, chakula kilikuwa kinarudi.

Alimlaza, akambonyeza tumbo, akatupa dawa nyeupe ya maji. "Sasa sikiliza, dada. Muhogo basi. Asiuguse kabisa. Mpe ugali wa mahindi."

Njiani mama akaniuliza amesema nini. Nikamweleza yote, neno kwa neno, isipokuwa lile moja nililolikosea.

"Imyumbati imenikosea nini?" akasema.

"Ndivyo alivyosema, mama."

Mama alikuwa mtu wa kutii waganga. Tangu siku ile nikampikia mahindi. Nilichekecha unga mara mbili, nikausonga ugali mwepesi kama uji mzito, na bado aliumeza kwa maji, macho amefumba, mkono umeshika ukingo wa mkeka. Ilikuwa wakati wa palizi. Nilijiambia nitamweleza kesho. Maharage yakachanua, yakakauka, yakang'olewa, yakaanikwa uani, nami nilikuwa bado na kesho yangu.

Siku moja mchana aliisukuma sahani. Sauti ilikuwa imekwisha kumpotea, alizungumza kwa pumzi tu.

"Mwana wanje," akaniita, yaani mwanangu, "nenda kwa daktari. Mwombe aniruhusu imyumbati. Siku moja tu."

Ndipo nikamwambia. Nilimwambia nikiwa nimesimama, nimeshika mwiko. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Kumbe nimetibiwa mihogo," akasema.

Halafu akasema, "Nipikie."

Nilitwanga makopa palepale, nikachekecha, nikasonga. Alimeza tonge la kwanza, na la pili. La tatu lilikwama, nikampigapiga mgongoni mpaka likatoka. Akatazama ugali uliobaki kwa muda mrefu, akaniambia niwape watoto. Wakati nilipomnyima ungepita. Sasa nilipomruhusu haukupita tena.

Kesho yake nilirudi na mama kwa mganga nikamweleza kila kitu. Hakunigombeza, na hilo lilikuwa gumu kuliko kugombezwa. Alimfungua mama kinywa, akakandamiza ulimi kwa kijiko, akamulika kwa tochi, kisha akaandika barua. Tulipanda lori la mizigo mpaka hospitali ya upande wa Kasulu. Daktari wa huko alisema ni uvimbe, na ni wa siku nyingi.

"Kama tungekuja mapema?" nikamuuliza.

"Uvimbe wa namna hii mara nyingi hutushinda, dada."

Nimeibeba hiyo "mara nyingi" mpaka leo. Watu wamenifariji kwayo, kanisani na nyumbani. Nawashukuru. Lakini mara nyingi si mara zote, na hata kama angekufa, asingekufa na njaa ya kitu nilichokuwa nacho ghalani.

Tulimrudisha akafia nyumbani. Wanawake walipomwosha niliomba niachiwe shingo niioshe mimi. Ilikuwa nyembamba, na uvimbe nilioupapasa chini ya ngozi ulikuwa mdogo kuliko nilivyowazia.

Baada ya matanga nilirudi kisomoni. Kabla watu hawajaingia, nilichukua kipande cha mkaa, nikachora mstari mmoja zaidi kutoka shingoni mwa yule mtu wa kaptura, nikaandika: koo. Mwandiko ulikwenda upande. Walipokaa nikagusa kwa fimbo, wakasoma.

"Mwalimu, hilo mbona halionekani?" mzee mmoja akauliza.

"Liko ndani. Shikeni shingo zenu, mmeze mate."

Wakashika, wakameza.

"Na kwa Kiha ni nini?"

Niligeukia ile picha. Aliyejibu alikuwa yule mama wa benchi la zahanati.

"Umuhogo," akasema, akiwa ameinamisha macho kwenye daftari lake.

Nilisubiri waandike, kisha tukaendelea na kifua.