Mwiba Usiotoka

Asubuhi moja niliondoka Nunguni bila mpango wowote. Kazi ya kupakia kabichi kwenye malori ilikuwa imeisha, baridi ya kule juu imenichosha, na nyayo zangu, kama kawaida yake, zilikuwa zinawasha. Niliacha shule mapema, na tangu hapo sijakaa mahali hadi mbwa wa hapo akanizoea. Nilishuka mabondeni nikipanda gari lolote lililosimama, na baada ya siku chache nikajikuta Ikutha, kwa mjomba wangu, mfanyabiashara wa mbuzi.

Nilimkuta ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba, anachokora kisigino cha kushoto kwa sindano.

Sindano hiyo naijua tangu utotoni. Hukaa imechomekwa kwenye ukingo wa kofia yake. Anayechunga mbuzi kwenye miiba lazima ajue kutoa mwiba, na mjomba alikuwa fundi. Majirani walimletea nyayo zao kama watu wanavyopeleka redio kutengenezwa. Huipasha sindano moto, akafunua ngozi bila kumwaga damu, mwiba ukatoka mzima.

"Mwiba gani huo, Mjomba?"

"Wa mgunga. Ncha imebaki ndani. Ni mkaidi kama wewe."

"Uliingia lini?"

"Kabla ya mvua." Akafikiri kidogo. "Si hizi. Zile zilizotangulia."

Nikainama. Lilikuwa doa pana kuliko ukucha wangu wa kidole gumba, kando zake zimepindapinda, upande mmoja kahawia, mwingine mweusi ti, na katikati kidonda kibichi.

"Mjomba, mwiba hauenei."

"Ona daktari wa barabarani!" Akacheka, lakini kicheko kikamwishia njiani. Mwenyewe alikuwa ameliona likienea.

Kwenye zahanati hawakuligusa. Walituandikia twende hospitali kubwa, na huko, Nairobi, daktari mmoja, mwanamke mwenye umri wa kuwa binti yake, akakata kipande kidogo kikapelekwa maabara. Tuliporudi kwa majibu alivuta kiti chake akakaa upande wetu wa meza.

"Mzee, hii inaitwa melanoma. Ni kansa ya ngozi."

Mjomba akautazama mkono wake. "Mimi? Na weusi huu? Hiyo si ya wazungu?"

"Weusi wako unakukinga na jua. Lakini kisigino chako kimewahi kuota jua?"

Alituambia kwamba ndani ya ngozi kuna chembe ambazo kazi yao ni kutengeneza rangi, na rangi hiyo hututandikia kivuli. Wakati mwingine chembe moja huasi. Kwa watu weusi, inapotokea, mara nyingi huwa chini ya wayo, kiganjani au chini ya ukucha. Nikamuuliza kwa nini iwe huko gizani. Akasema bado hawajajua vizuri. Sikuwahi kumsikia mtu aliyesoma akilisema hilo kwa utulivu kiasi hicho, nikamwamini katika mengine yote.

Tena akasema upana wa doa si hoja sana. Kinachoangaliwa ni kina. Mwanzoni kansa hii hutambaa juujuu kama nyasi za sangari. Halafu hugeuka ikashuka. Ikifikia mifereji midogo inayopitisha maji ya mwili, inaweza kusafiri hadi kwenye tezi za kinena, na kutoka hapo mapafuni, kwenye ini, hata kwenye ubongo. Na mimi nilidhani najua kutangatanga.

"Sindano yangu ndiyo iliyoileta?" mjomba akauliza.

"Hapana, mzee. Imetuchelewesha tu."

Akaivua kofia, akaiweka magotini. "Imeshaondoka kisiginoni?"

"Hilo ndilo tutakalolitafuta."

Wangekata doa pamoja na nyama kidogo isiyo na ugonjwa inayolizunguka, na pengo waliweke kiraka cha ngozi ya paja. Lakini kwanza wangedunga rangi ya buluu kandokando ya doa. Rangi ingefuata njia ileile ambayo kansa ingepita, na tezi ya kwanza kugeuka buluu ingetolewa ichunguzwe. Ikiwa na kansa, zipo dawa zinazowaamsha askari wa mwili wenyewe, ambao kansa imewabembeleza wakalala. Haziwaponyi wote, alisema, lakini wengine huwaponya. Usiku ule nilikuwa nikijitazama mkono kama mtu aliyehamia nyumba asiyoijua vyumba vyake.

Siku moja baada ya upasuaji mjomba aliniita kwa sauti ya chini.

"Usiwaambie watu wa kanisa. Nimekojoa kijani."

"Ni ile rangi, Mjomba."

"Najua ni rangi! Nakuambia imefika mbali."

Tulisubiri majibu ya tezi hadi kiraka kikashika. Yalipotoka, daktari alisema tezi ni safi. Hakusema amepona. Alisema arudi kila baada ya miezi kadhaa, na kila siku apapase kinena na kukagua nyayo zote mbili.

Siku ya kurudi Ikutha, gari tulilopata lilikuwa linaishia Makindu, na jua lilikuwa limeinama. Mji huo nimeupita mara nyingi bila kushuka. Tukaelekezwa kwenye hekalu la Masingasinga, ambako msafiri hupewa chakula na kitanda bila kuulizwa dini.

"Mimi ni mzee wa kanisa," mjomba akanong'ona. "Watanigeuza?"

"Watakupa chapati."

Mlangoni mhudumu alituomba tuvue viatu, akatupa vitambaa vya kufunika kichwa. Mjomba akashika kofia mkononi, akavua viatu, akasimama kwenye sakafu baridi. Kiraka cha kisigino kilikuwa laini, rangi yake si ya wayo wala si ya mguu.

"Pole, mzee. Mwiba?" mhudumu akauliza.

"Hapana," mjomba akasema. "Ni kansa. Waliikata." Kabla ya hapo hakuwa amelitamka neno hilo hata mara moja.

Tulikula dengu na chapati, tukaonyeshwa chumba chenye vitanda viwili. Nilikuwa najinyoosha mjomba aliposema, "Leta mguu."

Akausogeza mguu wangu dirishani, akautazama kisigino, upinde, kidole kwa kidole. Karibu na kidole cha mwisho macho yake yakakoma. Kulikuwa na nukta nyeusi. Nikauona mkono wake ukienda kwenye kofia, penye sindano, ukasita, ukarudi. Akalowesha kidole kwa mate, akasugua polepole.

Ikatoka.

"Tope," akasema, akapumua. "Leta wa pili."