Mke Wangu Anaitwa Mwongo kwa Kofia Ninazofuma Mimi Kazini

Mhariri, jina langu lifiche kabisa, na kanisa letu usilitaje. Mdosi wangu husoma magazeti ya Kiingereza tu, lakini Rongo ni padogo na watu wana midomo.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na nne, baba wa watoto watatu, na wa nne yuko njiani. Ni karani wa ghala la mahindi. Kazi yenyewe ni kungoja. Lori likija napima magunia, naandika, linaenda. Lisipokuja nabaki na panya. Sasa mimi, badala ya kusinzia kama makarani wengine, hufuma. Ndiyo, hufuma, na sindano zangu ni spoku mbili za baiskeli. Kofia za watoto wachanga, soksi, vitu vidogo ninavyoweza kusukuma nyuma ya magunia nikisikia honi getini. Cheka, lakini maliza kusoma. Nilifundishwa na muuguzi mmoja nilipolazwa Homa Bay na mguu uliovunjika, mwaka wa tisini na mbili, na tangu hapo mikono yangu haijui kutulia.

Huku kwetu mwanamume akionekana na sindano za kufuma, ataimbwa soko zima. Tena mdosi, ambaye ndiye mzee wa kanisa letu, alimfukuza karani aliyenitangulia kwa kutengeneza redio za watu saa za kazi. Kwa hivyo nilipompa mke wangu kofia ya kwanza ampelekee jirani aliyejifungua, nilimwambia aseme ameifuma yeye. Wazo lilikuwa langu. Yeye alikataa, akasema kudanganya watu wa kanisa kutamkaba koo, nikambembeleza mpaka akakubali.

Akina mama wakaipenda sana. Ikawa kila mtoto akizaliwa kanisani anavishwa kofia yangu, na mke wangu anasifiwa, nami nimekaa upande wa wanaume nafurahi kimyakimya. Kisha wakamwomba awafundishe wasichana. Akasingizia kidole kinamuuma, akasingizia ujauzito. Mwezi jana wakamletea sindano na uzi mbele ya kikundi kizima, wakamwambia aanzishe tu kidogo waone. Maskini, hata kuzishika hakujua. Walipomuuliza kofia anazitoa wapi, akawarudishia sindano zao. Mama mmoja akasema anazinunua kule mpakani Isebania ili apate sifa. Mwingine akasema kuna mwanamume anayemletea. Hilo la pili ndilo lililosambaa.

Sabato iliyopita akaitwa mbele ya baraza la kanisa. Mimi ni shemasi, kwa hivyo nilikuwa ndani. Alikubali kwamba hakuzifuma, akaomba msamaha kwa kudanganya. Wakataka kujua zinatoka kwa nani. Akafunga mdomo. Ndipo mzee, yaani mdosi wangu, akanigeukia.

"Shemasi, wewe ndiye mume wake. Hizi kofia anazitoa wapi?"

Nikafikiria kazi. Nikafikiria karo ya watoto. Na nisiwafiche, zaidi ya hayo yote nilifikiria kile kicheko.

"Mambo ya akina mama mimi siyajui, mzee."

Mke wangu hakunitazama. Tukitoka, watu wakanionea huruma, mimi! Mmoja akanishika bega, akaniambia nijikaze, wanawake ndivyo walivyo. Nikaitikia. Mungu anisamehe, niliitikia.

Nyumbani alinipikia kama kawaida, akanimiminia maji ya kunawa. Nilipoanza kuomba msamaha akanikatiza, akasema anajua kwamba nikifukuzwa watoto watalala njaa, ndiyo maana hakunitaja. Nikashusha pumzi kama mjinga, nikidhani yameisha. Kesho yake nikatoka kazini na kofia ya manjano niliyokuwa nimemfumia mtoto wetu anayekuja. Akaipokea, akaigeuzageuza, akanirudishia.

"Huyu usimfumie, Baba Akinyi. Huko nje tayari wanauliza baba yake ni nani."

Tangu hapo sijashika sindano. Nakaa ghalani nikitazama mlango. Mwisho wa mwezi kanisa zima litapiga kura jina lake liondolewe katika kitabu cha washiriki. Nikisimama niseme ukweli Sabato hiyo, kesho yake Jumapili sina kazi tena, na mtoto atazaliwa katika nyumba ya kupanga ambayo siwezi kuilipia. Nikinyamaza, nimemtupa mke wangu na mtoto wangu mwenyewe. Yeye hanisukumi, hanitukani, afadhali angenitukana.

Nishaurini, ndugu zangu, hasa nyinyi akina mama. Hata nikisema sasa, kwake bado nitakuwa yule aliyeulizwa akasema hajui. Nifanye nini?