Vidonge vya Ujana na Uso wa Mama

Jamani, bado naona haya kupita kwenye meza yangu ya soko, hapa Likasi. Niliporudi kutoka Kakanda kuishi na mama, nilianza kuuza vidonge vya kuzuia uzee. Jirani yangu wa meza, Mama Kapinga, anauza unga wa kazi hiyo hiyo, na wateja wote walikuwa kwake.

Lakini mimi nilikuwa na ushahidi. Tangu nianze kumpa mama kidonge kila asubuhi, uso wake ulinawiri hadi wenzake wa kanisani wakashangaa. Basi Jumamosi nikamsimamisha mbele ya wanawake, nikapaza sauti kama mhubiri: "Huo unga wa jirani utawapa nini? Mama, waambie kitu gani kimekurudishia usichana!"

Mama akafungua polepole fundo la kikwembe alichojifunga kiunoni. Vidonge vyote vilikuwa humo, vizima.

"Sikumezaka ata moja, mwana yangu. Niliichunga, utaiuzisha tena. Wakati ulikuwa kule Kakanda, sikukuwa nalala. Sasa nakusikiaka unakoroma mu chumba ya pembeni, na miye nalala."