Patron Aliyesema Hewa Si Kitu

Ijumaa asubuhi nilikuwa nakoroga chai wakati redio ya hapa Kolwezi iliposoma tangazo la kifo chake: mwenye mashimo ya shaba, baba wa wote, mtoa ajira, rafiki wa wachimbaji. Niliposikia hilo la mwisho nikazima redio kwa hasira mpaka kitufe kikabaki mkononi. Najua, marehemu hasemwi vibaya. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba adabu hiyo naiheshimu. Nimewahi kuwasifu hapa watu ambao walipokuwa hai sikuwapa hata salamu. Lakini huyu, hapana. Huyu akisifiwa nami nikanyamaza, kuna mtu aliyezikwa kabla yake atakuwa amezikwa mara ya pili.

Mimi na patron huyo, yaani bosi wa mashimo, tulifahamiana msimu mmoja wa mvua. Alinipigia simu akitaka niandike habari ya pampu yake mpya kutoka Lubumbashi, maana shimo lake refu kuliko yote lilikuwa limeingiwa na maji, zaidi ya mita ishirini kutoka mdomoni, na madini yalikuwa chini ya maji hayo. Nikaenda. Pampu ilikuwa imekaa mdomoni mwa shimo, mpira wake umeshuka hadi chini kabisa, inanguruma mpaka meno yanatikisika, na maji hayapandi hata tone. "Nguvu iko kidogo," akasema. "Nitatafuta ingine ya kupita hii." Kumbe hiyo yenyewe ilikuwa ya tatu! Mimi, kabla ya kuingia kwenye uandishi, nilifundisha fizikia pale mtaani kwetu Kapata, basi ulimi ukaniwasha. Nikamwambia, "Tata, hata ulete kichwa cha treni kutoka Tenke. Pampu ikikaa huku juu haitatoa maji kule chini. Jambo hilo linajulikana tangu mwaka 1644."

"Mil six cent! Elfu moja mia sita!" Akacheka, na wafanyakazi wake wakacheka kwa sababu yeye amecheka. "Mwandishi, ule mwaka batu balikuwa na mota?"

Mota hawakuwa nazo, walikuwa na visima. Mafundi wa pampu wa Italia walikuwa wamechoshwa na jambo moja: maji yakivutwa kutoka juu hupanda kama mita kumi, kisha husimama, hata fundi atukane. Ndipo mwaka ule Mwitaliano mmoja akaeleza jaribio la mrija wa kioo. Unaujaza zebaki, unauziba kwa kidole, unaupindua ndani ya bakuli la zebaki, unaondoa kidole. Ungetarajia yote imwagike. Inashuka kidogo tu, inasimama. Nani ameishikilia? Hewa. Hewa ina uzito, inaikandamiza zebaki bakulini kama inavyoyakandamiza maji kisimani. Pampu kwa kweli haivuti kitu. Inaondoa hewa mpirani tu, na hewa ya nje ndiyo inayosukuma maji juu, mpaka nguvu yake inapoishia. Na sisi wa Kolwezi, kwa kuwa tunaishi juu sana kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, hata hizo mita kumi hatuzifikishi. Nilipokuwa mwalimu niliupenda mwaka huo kuliko miaka yote ya kitabuni, maana ulianza na watu wa kawaida wanaohangaika na maji.

Patron alifungua kiganja, akakifunga. "Hewa? Angalia, nimeikamata? Haiko kintu." Kisha akapata wazo: kama pampu imeshindwa ikiwa juu, ishushwe shimoni, karibu na maji. Kwa upande wa maji alikuwa sahihi, sikatai. Lakini ile ilikuwa mota ya petroli. Nikasema mbele ya watu wote, tena kwa sauti, kwamba moshi ukijikusanya mle ndani utaua watu, na atafute pampu ya umeme ya kuzamisha majini. Akajibu kwamba moshi unapanda wenyewe, hata mtoto anajua, na kwamba mimi nirudi kwenye kalamu zangu.

Akaishusha kesho yake, wakati mimi sipo. Walishuka nayo wachimbaji wawili, mmoja wao jirani yangu wa Kapata, mwimbaji wa kwaya, mtu ambaye kicheko chake kilikufikia hata ukifunga madirisha. Maji yalipanda, nimesimuliwa. Watu wakapiga makofi, patron akapigwa picha. Makofi yalipoisha wakatikisa kamba ya kuwapa ishara walio shimoni, na huko chini hakuna aliyejibu. Yule mchimbaji mwingine alitolewa akiwa hai. Jirani yangu alitolewa amekwisha, bila jeraha hata moja, na mkewe alimkagua mwili mzima akitafuta mahali alipoumia. Patron alileta sanduku la kuzikia na maneno haya: "Mama, ni ajali. Siye hatukujua." Katika ukanda wetu wa shaba, "hatukujua" ni ile kofia ngumu ambayo wakubwa huivaa siku ya msiba. Mto umebadilika rangi? Hawakujua. Nyumba zimepasuka kuta? Hawakujua. Siku zote nimejiuliza kama kweli wapo watu wasiojua kiasi hicho.

Jumamosi mchana, kesho yake baada ya lile tangazo la redio, nilikwenda kwenye kilio cha patron. Bwawa la umeme la Nzilo liko hapo hapo, lakini umeme ulikuwa umekatika, na nyimbo zilitoka kwenye spika kwa nguvu ya jenereta, ambayo huku tunaiita groupe. Mjane wa jirani yangu alikuwepo, ameketi kiti cha nyuma, kitenge kimefungwa vizuri. Aligeuka akamuuliza mdogo wa patron, kwa upole kabisa:

"Tata, groupe yenu inalia mbali sana. Mumeiweka wapi?"

"Kule nyuma ya lupango, kwa mwisho wa kiwanja, mama," akajibu kwa fahari. "Marehemu mwenyewe njo alijenga kale kanyumba kake, na tuyo, bomba ya kutupa moshi inje. Ni zamani, batoto bakiwa bangali badogo. Hakutaka ule moshi ufike mu chambre ya kulala, alisema utabaua mu usingizi."

Msimu ule wa pampu watoto hao walikuwa tayari watu wazima. Mama yule akasema, "Basi alijua." Akasimama, akakung'uta kitenge chake, akaondoka bila kuaga.

Ndugu wasomaji, tangu siku hiyo sibishani tena na mtu anayeniambia kwamba hakujua. Nenda tu ukaangalie nyumbani kwake jenereta ameiweka wapi.