Baba, mabomu ya nyuklia na handaki la nyumbani kwetu

Leo nimechimba handaki. La vita kabisa. Hapa nyumbani, Bukiriro.

Ilianzia kwenye redio asubuhi. Kuna serikali huko mbali inataka kutengeneza mabomu mapya ya nyuklia, eti ya zamani yamechakaa.

Baba akaweka kikombe chini.

"Hayo ya zamani waliyatumia?"

Nikamwambia hapana, wameyaweka tu ili adui aogope.

"Sasa kitu hakijatumika kinachakaaje? Si bora wajenge zahanati? Na wananchi wao wamekaa tu, hawaulizi?"

Mzee alikuwa amepamba moto.

Mama akasema kutoka jikoni, taratibu tu: "Na handaki lako je?"

Baba akainua tena kikombe.

Niwaeleze. Wakati wa Vita vya Kagera baba alichimba handaki nyuma ya nyumba, tujifiche humo ndege za adui zikija. Hazikuja. Lakini mvua hulifukia, na mpaka leo, kila kiangazi lazima lichimbwe upya. Waliowahi kuingia humo ni mbuzi wetu na katekista, na wote walitumbukia.

"Huyo adui amewahi kuja?" mama akauliza.

"Hajaja kwa sababu handaki lipo."

Jamani, mjibuni nyie. Mimi nilicheka, nikapewa jembe.

Nimetoka humo saa saba, viganja vimechubuka. Mama akaja na mikungu ya ndizi, akaipanga humo handakini, akaifunika kwa majani ili ndizi ziive.

Baba alimtazama mpaka akamaliza.

"Adui akija," akasema, "uzitoe haraka."