Mkono wa Mama Uliokataa Kuvimba

Mama alikohoa tangu masika hadi masika mengine kabla hajakubali kutoka Magarini kwenda hospitali Malindi. Wakati huo, miaka ya themanini, mimi nilikuwa nimeolewa mjini, hivyo nikawa ndiye wa kumpelekea uji wodini.

Walitudunga sote wawili sindano ndogo ya ngozi mkononi, ya kupima kifua kikuu. Siku ya kusomwa, wangu ulikuwa umevimba, mwekundu, unawasha. Wa Mama ulikuwa mtupu kana kwamba haukuguswa.

Baba alifurahi. "Si mmeona? Hana kifua kikuu. Huyu karogwa. Twendeni nyumbani."

Daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, alimwomba aketi. "Mzee, makohozi yake yamejaa vijidudu. Nimewaona mwenyewe."

"Mbona basi mgonjwa mkono umenyamaza, na mzima ndiye aliyevimba?"

"Binti amewahi kuingiwa na vijidudu. Mwili wake unawatambua na umewafungia, ndiyo maana umeishambulia ile sindano. Wa mama umepigana muda mrefu mno, hata hauijibu tena sindano." Akainua picha ya kifua dirishani. Upande wa kushoto, juu, palikuwa na tundu. "Hili halikuchimbwa na vijidudu peke yao. Mwili ukipiga kwa hasira, huunguza na pafu lake. Kwa hiyo hujizuia. Ukijizuia kupita kiasi, adui huzaana. Wake umepoteza kipimo cha kupiga na kujizuia."

Nilishika mkono wangu nikaufunika kwa leso. Niliogopa kuuliza waliofungiwa ndani yangu wangekaa hadi lini.

Baba alisimama. "Mimi naondoka na mke wangu."

Mama alikuwa amelala ametazama ukuta. Aligeuka polepole. "Mume wangu, nenda kawatazame mbuzi. Mimi nabaki."

Sikuwahi kumsikia akimkatalia. Baba alitoka bila kuaga.

Sindano za dawa zilimtesa hata kuketi akashindwa, na vidonge vikamtia kichefuchefu. Alilia, akavimeza. Miezi ilipita, makohozi yakasafika, mashavu yakarudi. Walipompima tena ngozi, mkono ulivimba. Muuguzi alicheka. Mama aliutazama tu, machozi yakimtoka.

Lakini lile pafu la kushoto lilikuwa limekauka. Aliporudi nyumbani hakuweza tena kutwanga wala kupanda kilima cha kisimani bila kusimama kila baada ya hatua chache, mkono kiunoni, akitafuta pumzi.

Nilipokwenda kumwamkia mwaka uliofuata, nilimkuta Baba njiani akitoka kisimani, ndoo begani, shati limelowa. Wanawake walikuwa wakimcheka.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Nisubiri hapo, nampelekea mamako maji kwanza."